Dondoo muhimu: Bomba la kushusha maji ya tangi la samaki
Anayejitengenezea bomba la PVC la kushusha maji kwa sifoni hadi tangi la chini huhangaikia zaidi gundi na viwiko, kumbe sakafu hulowa umeme unapokatika. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kushuka mpaka mdomo wa kuyapokea ubaki hewani. Tangi la sentimita 100 kwa 40 likipungua sentimita 3 tu, lita 12 zinatafuta nafasi chini. Umeme ukirudi, sifoni iliyoingiza hewa haishushi kitu, huku pampu ikizidi kupandisha. Kwa hiyo ncha zote mbili za bomba lililopinda juu ya ukingo zibaki zimezama hata pampu ikizimwa, na maji yanayofikiwa na pampu yawe machache kiasi cha kutofurisha tangi la juu.

Wapo watakaosema valvu ya kuzuia maji kurudi inatosha. Haitoshi: inalinda bomba la pampu peke yake, na uchafu ukiganda ndani haifungi sawasawa. Afadhali tundu dogo la kuingiza hewa kwenye bomba hilo, chini kidogo ya usawa wa maji, lisuguliwe mara kwa mara. Kutoboa kioo huondoa sifoni kabisa, na kwa tangi jipya ndilo chaguo bora, ila kioo kilichokazwa kwa joto hakitobolewi, kitasambaratika. Mapovu yakijikusanya kwenye pindo la juu, maji yanapita polepole mno, hivyo punguza kipenyo cha bomba. Kabla ya kuweka samaki, zima na kuwasha umeme mara kadhaa, ndoo ikiwa karibu.