Dondoo muhimu: Pima upotevu kwenye kebo ya antena

Kwa mafundi wa redio za jamii Karagwe na Kyerwa: pimeni kebo kabla ya masika na vuli.

1. Zima transmita kabla ya kufungua konekta. Radi ikinguruma, ahirisha kazi.
2. Pima kwanza bila kebo, kisha ingiza kebo: tofauti ndiyo upotevu.
3. Tumia masafa ya kituo chenu, kati ya 88 na 108 MHz.
4. Kebo iko mnarani? Piga shoti ncha ya juu, pima mawimbi yanayorudi, gawa desibeli kwa 2.
5. Usiunganishe transmita na kipimo bila atenyueta inayohimili wati zake.
6. Hakiki atenyueta yenyewe. Ikiungua, namba iliyoandikwa hudanganya.
7. Kumbuka: desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imepotea.
8. Kagua maji na kutu kwenye konekta, kisha ziba upya.
9. Andika vipimo na tarehe daftarini.