KAHAWA NZURI NYUMBANI KWA GHARAMA NDOGO

Katika likizo yetu iliyopita tulipanda mlimani Kilimanjaro kumwamkia mzee mmoja wa ukoo wetu. Tulipoingia nyumbani mwake tuliona magunia matatu ya kahawa yameegemezwa ukutani, yakingoja siku ya kupelekwa chamani. Mzee alitukaribisha kwa furaha, akamwita mjukuu wake alete kinywaji, na mtoto akaja na chai ya dukani. Tukamwuliza kama yeye hunywa kahawa yake mwenyewe. Alicheka sana, akasema, “Mwanangu, miaka arobaini nimelima kahawa, na ladha yake siijui. Mimi najua bei yake tu, na bei nayo naambiwa na mwingine.”

Neno hilo lilitukaa moyoni. Mtu alimaye mahindi hujua mahindi mazuri na mabaya kwa kuyala. Lakini mwenye shamba la kahawa aghalabu huambiwa na mtu wa mbali kwamba kahawa yake ni daraja la chini, naye hana la kujibu kwa kuwa hajapata kuionja. Basi twataka kueleza leo jinsi mtu wa kawaida awezavyo kutengeneza kahawa nzuri nyumbani mwake pasipo kutumia fedha nyingi.

Si kwamba kahawa ni ngeni katika vinywa vya watu wetu. Wahaya wa Bukoba tangu zamani walichemsha buni pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha na kuzitafuna, na mgeni alipewa kwa heshima kabla ya maneno kuanza. Watu wa pwani wana dele lao la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono, na mwuza kahawa hujulikana kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha. Huko Uhabeshi, asili ya mbuni wa aina ya arabika, mama wa nyumbani hukaanga buni mbele ya wageni wake, akazitwanga, akazichemsha katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo nyembamba. Lakini mlimani mbuni uliingia mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na misheni, nao ukawa mmea wa fedha. Chama cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, kazi yake ilikuwa kuuza kahawa, wala si kufundisha watu kuinywa.

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani ya kwamba kahawa nzuri yataka mashine ya thamani. Sivyo. Kazi ya kila chombo cha kahawa ni moja: maji ya moto yakutane na unga wa kahawa kwa muda wake, kisha yatengane na mashapo. Mwaka 1908 mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz wa mji wa Dresden, alichukua karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akaiweka ndani ya kopo alilolitoboa, akachuja kahawa. Na vichujio vingi vya karatasi vya leo vilitokana na kopo lile. Huko Italia, mwaka ule ule wa 1933, Alfonso Bialetti alitoa birika ndogo ya aluminiamu ambayo mvuke husukuma maji juu kupita katika kahawa. Ni chombo kizuri, tena kigumu. Awezaye kukinunua hatajuta, ila kahawa yake hutoka kali sana.

Sisi wenyewe tulidanganyika na uzuri wa macho. Tulinunua mjini jagi la kioo lenye kisukumio cha chujio, tukalitumia kwa majivuno mbele ya wenzetu wa ofisini. Mwezi wa pili kioo kikapasuka kwa maji ya moto, na tulipolirudia duka tukaambiwa kioo peke yake hakiuzwi. Tangu siku hiyo twatumia mfuko wa amerikani, na kahawa haikupungua utamu hata kidogo.

Kahawa ya kopo inayoyeyuka hatuidharau. Hiyo ni kahawa iliyokwisha pikwa kiwandani na kukaushwa, nayo yamfaa msafiri na mtu mwenye haraka. Lakini mwenye buni nyumbani kuinunua ni kama mfugaji kununua maziwa ya unga.

Sasa hesabu. Buni safi zilizokobolewa, kilo 1, zikikaangwa hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya uzito wake kwa kutokwa na maji. Zitabaki gramu 830 hivi. Kikombe kikubwa cha robo lita chataka gramu 15, yaani vijiko 2 vya kulia vilivyojaa kiasi. Kwa hiyo kilo moja ya buni yatoa vikombe vipatavyo 55. Kila msomaji na apige hesabu hiyo kwa bei ya buni ya kwao, kisha ailinganishe na kopo la dukani.

Fedha kidogo mtu aliyo nayo aiweke katika ubichi wa kahawa, asiiweke katika chombo. Buni zisizokaangwa, zikiwa kavu, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Zilizokaangwa hukaa wiki mbili au tatu katika kopo lililofungwa vizuri. Lakini zikiisha kusagwa, harufu yake huanza kutoroka siku ile ile. Ndiyo sababu twasema: kaanga kidogo, utwange kidogo zaidi, unywe. Na kama mtu ana fedha ya kununua kitu kimoja tu, tungemshauri anunue kinu kidogo cha kusagia kwa mkono kabla ya birika yo yote. Asiyekuwa nayo, kinu na mchi vyatosha, mradi kisiwe kile cha kutwangia vitunguu saumu na pilipili, maana kahawa huvuta harufu upesi kuliko unga.

Kukaanga ndiko kwenye kazi, na hapa yafaa uvumilivu. Chagua buni kwanza juu ya ungo, utupe nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na zilizovunjika. Punje chache mbaya zaweza kuharibu birika zima. Tumia chungu kipana au kikaango kizito juu ya makaa ya kadiri, usitie mafuta, na koroga kwa mwiko bila kuacha. Kwanza zitanukia kama majani mabichi, zigeuke manjano, ndipo harufu ya mkate itokee. Baada ya dakika kama kumi utasikia mlio kama wa bisi. Mlio huo ukiisha, ngoja dakika moja au mbili, uzitoe zikiwa na rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Wengi huziacha mpaka ziwe nyeusi na kung’aa kwa mafuta, wakidhani ndiyo nguvu. Hapo ladha ya shamba imekwisha kuungua, umebaki uchungu wa mkaa. Zimwage juu ya ungo, pepeta maganda, zipoe upesi. Ziache hadi kesho yake kabla ya kuzitumia, maana kwa saa za kwanza hutoa hewa nyingi ndani yake.

Mfuko wa chujio hushonwa kwa amerikani mpya kama soksi fupi, na mdomo wake huzungushiwa waya wenye mpini. Uchemshwe kwanza katika maji matupu ili utoke wanga wa dukani. Twanga kahawa mpaka iwe kama mchanga wa mtoni, uitie katika birika la bati, mimina maji, koroga mara moja, funika, ungoja dakika 4, kisha chuja. Kwa lita 1 ya maji ni gramu 60. Vitabu husema maji yasiwe yanatokota, bali kati ya nyuzi 92 na 96. Watu wa pwani na wangoje kidogo birika litulie. Lakini aishiye mlimani mita 1,500 juu ya bahari hana haja ya kungoja, kwa kuwa huko maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Sukari, maziwa na tangawizi ni hiari ya mtu. Twaomba tu kwamba mara ya kwanza inywewe tupu.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kwa mzee wetu. Tulichukua konzi mbili za kila gunia, tukazikoboa kinuni, tukakaanga mbali mbali, tukapanga vikombe vitatu mezani. Cha kwanza mzee alikunywa polepole, akasema kina utamu kama wa tunda, akataka kingine. Cha pili kilikuwa kama cha kwanza. Cha tatu alikisogeza puani tu, akakirudisha mezani, kwa maana kilinuka siki. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, “Hizi ni zile za wakati wa msiba wa kaka yangu. Zilimenywa, zikakaa ndani ya maji siku tano pasipo mtu wa kuziosha.” Kwa macho gunia lile halikuwa na tofauti na mengine. Msimu uliotangulia, alituambia, kahawa yake yote ilishushwa daraja, naye akadhani amedhulumiwa; sasa hakuwa na hakika tena, lakini alijua la kufanya. Asubuhi yake alilitenga gunia la tatu peke yake nyuma ya mlango, ili lisichanganywe na mawili yaliyo mema, akamwagiza mjukuu wake akanunue yadi moja ya amerikani.

Mfuko ukiisha kutumika uoshwe kwa maji matupu, usitiwe sabuni, nao uanikwe mahali penye upepo; ukikaa na unyevu hunuka, na ukisha kunuka badala yake ni kushona mwingine. Mashapo yamwagwe shinani mwa mgomba.