Onyo la cheti lizimwe kwenye jaribio, si kwa makarani

*Mimi ni kijana wa Mtopanga, Kisauni. Nimeajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha huko Changamwe, kazi yangu ni kuujaribu mfumo wao kabla haujafika kwa makarani. Majaribio naendesha kwa Selenium, programu inayokiendesha kivinjari, ila seva ya ndani ina cheti kilichojisaini chenyewe, na kivinjari kikawa kinakwama kwenye ukurasa wa onyo. Nikaweka amri ya kupuuza maonyo, yote yakapita. Sasa bosi anataka amri hiyohiyo niiweke kwenye kompyuta za makarani, kwani nao wamechoshwa na onyo hilo. Moyo unasita, na kazi naihitaji. Nifanyeje?*
*Msitasita, Kisauni*

Mwanangu, moyo wako umesita penye haki, usiupuuze.

Kwanza ujitoe hofu kuhusu ulilofanya wewe. Kupuuza cheti ndani ya jaribio ni jambo linalokubalika. Mpangilio wa acceptInsecureCerts umo katika kiwango cha WebDriver kinachotumiwa na Selenium, kilichopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2018, na Chrome na Firefox zote zinauelewa. Kivinjari cha jaribio hufunguliwa, hufanya kazi yake, kisha hufungwa, na taarifa zilizomo ni za kubuni.

Kwa karani mambo ni mengine. Cheti kilichojisaini ni kama dereva anayefika getini na barua ya ruhusa aliyojiandikia mwenyewe: huenda ni mkweli, lakini mlinzi hana njia ya kujua. Mawasiliano yanafichwa kweli, ila hujui unayewasiliana naye ni nani. Na amri hiyo ya kupuuza maonyo, --ignore-certificate-errors, haichagui tovuti. Ukiiweka kwenye Chrome ya karani, itanyamazisha onyo hata anapoingia mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) au akaunti ya benki. Mtu aliyejipenyeza kwenye Wi-Fi ya ofisi anaweza kusimama katikati na cheti chake bandia, akachukua nywila na PIN za waagizaji mizigo, na hakuna kitakacholia.

Hata kwenye majaribio, usilale. Fungua ukurasa wa onyo kwa mkono, usome maandishi madogo. Kwenye Chrome, ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID maana yake aliyesaini hajulikani. ERR_CERT_DATE_INVALID ni kwamba tarehe haifai, mara nyingi cheti kimeisha muda. ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID ni jina la tovuti kutolingana na lililo kwenye cheti. Tangu toleo la 58 la mwaka 2017, Chrome husoma jina katika sehemu ya subjectAltName pekee. Amri yako inayafunika yote matatu, kwa hiyo cheti kinaweza kuisha muda leo na majaribio yako yakaendelea kupita.

Dawa ni hii. Kwa mfumo wa ndani, tengeneza mamlaka ya vyeti ya ofisi, itie saini cheti cha seva, kisha cheti cha mamlaka hiyo ukisakinishe kwenye kompyuta za makarani na mashine ya majaribio. Kumbuka Firefox ina orodha yake yenyewe ya mamlaka inazoziamini. Ufunguo wa siri wa mamlaka ufungiwe vizuri, usizunguke kwenye flashi wala WhatsApp, maana atakayeupata ataweza kughushi tovuti yoyote mbele ya makarani wenu. Kama mfumo una jina la kikoa lililosajiliwa, Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo. Kisha ongeza jaribio moja lisilopuuza chochote, lenye kazi ya kukagua cheti tu.

Kwa bosi, usiende na kukataa kutupu. Nenda na suluhisho mkononi: mwambie onyo litaondoka kwenye kila kompyuta, na hamtakuwa mmezima ulinzi. Mkumbushe pia kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka kampuni iweke hatua za kiufundi za kulinda taarifa za watu. Akishikilia msimamo wake, mwandikie barua pepe ya heshima ukieleza hatari hizi, uhifadhi nakala.

Kazi waihitaji, naam. Lakini kazi yenyewe uliyoajiriwa ni kuona kasoro kabla haijamdhuru mtu. Hii umeshaiona, mwanangu, iseme.