Kipa mwenye hasira na mechi 20 za nje

Muuzaji mwenzangu wa Mtwara, somo la leo ni Ron Hextall, kipa wa zamani wa magongo ya barafu wa Philadelphia Flyers, Marekani.

Mwaka 1987 alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano, japo timu yake ilipoteza fainali. Fainali hizo hizo alimchapa Kent Nilsson gongo la miguuni: mechi 8 nje. Mwaka 1989 akamvaa Chris Chelios: mechi 12 nje. Kipaji alikuwa nacho, ila golini akasimama mwingine.

Sasa wewe. Mteja wa Dodoma kakomenti: "Korosho bei hii? Wezi nyie!" Ukimrudishia matusi, yeye ni mmoja, wanaosoma ni wengi. Wanahamia kwa jirani kimya kimya. Hizo ndo mechi zako za nje.

Fanya hivi:
1. Usijibu papo hapo. Weka simu chini, funga mzigo wa mtu kwanza.
2. Jibu kwa hesabu: ubora, uzito, kubangua, nauli ya basi.
3. Akiendelea, mwite inboksi.
4. Akitukana tena, mbloku bila kuaga.

Kukasirika ruksa. Ila usikasirikie dukani.