Kumfunza Mtoto Mali Kabla ya Kumkabidhi

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo ni benki ya skuli, yaani wanafunzi kuweka akiba zao skulini na wao wenyewe kuwa makarani wake. Wako wadhanio kuwa huu ni mchezo wa watoto. Sisi twaona ni elimu ambayo miji yetu yaihitajia mno. Ni mara ngapi nyumba na shamba alivyovichuma mzee kwa miaka arubaini vimeuzwa na warithi wake kwa mwaka mmoja? Kijana yule si mpumbavu; hakupata kushika mali ila siku aliyokabidhiwa yote.

Katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kuwajaribu mayatima kabla ya kuwapa mali yao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wakaeleza kuwa jaribio hilo huwa kabla ya baleghe. Mtoto wa mfanyi biashara huachiwa apatane bei, kisha walii wake ndiye afungaye mapatano. Basi mtoto hutenda, na mkubwa yu karibu naye. Benki ya skuli ni jaribio la namna hiyo.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1866, katika mji wa Ghent, Ubelgiji, François Laurent, mwalimu wa sheria katika chuo kikuu, alizunguka madarasani akiwahimiza walimu na watoto. Mtoto alileta senti zake kwa mwalimu. Zikitimia faranga moja, alifunguliwa kitabu kwa jina lake katika benki ya akiba ya serikali. Mwaka 1885, Mbelgiji mwengine aliyehamia Marekani, John Henry Thiry, akauanzisha utaratibu huo katika skuli za Long Island City.

Nasi twaweza kuuendesha hivi. Siku moja katika juma, mwanafunzi mmoja hupokea fedha, wa pili huandika katika daftari na katika kitabu cha mwenye fedha, wa tatu huhesabu. Jumla ya daftari isipolingana na fedha iliyomo sandukuni, hawaondoki mpaka kosa lionekane. Sanduku huwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mwalimu, wa pili kwa mwanafunzi. Makarani hubadilishwa kila muhula. Akiba ya mtu haitangazwi, ili mwana wa maskini asitahayari. Na asiye na shilingi aweza kuwa karani bora kuliko wote.

Faida kubwa hapa si zile shilingi, bali ni amana na kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana deni. Nasi hata leo twakopeshana kwa maneno matupu, kisha twagombana. Tena zama hizi fedha hupita simuni, mtoto asiione ikiingia wala ikitoka, na simu hiyo hiyo ndiyo imwitayo kwenye kamari. Aliyezoea kuandika kila alichoweka na alichotoa hujua mali yake yaenda wapi.

Swali: Je, hatutamwingiza mtoto katika riba? Jawabu: Tuchukue utaratibu, tuiache riba. Mwaka 1963, Ahmad al-Najjar, aliyekuwa amesoma Ujerumani na kuziona benki za akiba za huko, alianzisha benki ya akiba isiyo na riba katika mji wa Mit Ghamr, Misri. Ilidumu mpaka mwaka 1967, lakini njia ilikwisha kuonekana. Hapa Kenya, benki zifuatazo sharia zilianza kazi mwaka 2008. Basi fedha za watoto zina pa kuwekwa.

Swali: Je, hatuwafunzi ubakhili? Jawabu: Bakhili huweka asitoe. Mtoto huyu huweka kwa haja inayojulikana: vitabu, nguo ya Idi, sadaka, na haja ikifika, hutoa kwa mkono wake.

Enyi wazazi na walimu, yatupasa kuanza, japo kwa darasa moja na daftari moja. Shilingi kumi zikipotea mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na miwili, hujifunza, na hasara ni ndogo. Mirathi ikipotea mikononi mwa mtu mzima, hairudi.

Wabillahi ttawfiq.