Herufi Moja ya Damu: Kusaka Selimundu kwa Kihisi cha DNA

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu. Katika jamii za Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, wabebaji wa selimundu walizidi asilimia 20. Kwenye nyanda za juu na nchi kavu hawakufika asilimia 1. Kajiado ni nchi kavu, ila mji wake wa Kitengela leo umejaa watu wa Kisumu, Busia na Kilifi waliofuata kazi Nairobi na Athi River, wakazaa hapo. Ramani ya Allison haimfai tena muuguzi wa Kitengela.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa maabara wenye mashine ya PCR na potenshiostati ndogo ya kuchomekwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Agiza nyuzi za kunasia. Katika jeni ya beta-globini ya selimundu, GAG imegeuka GTG, basi. Agiza nyuzi mbili fupi za DNA, za herufi 17 hivi: moja inayolingana na jeni ya kawaida, nyingine na ya selimundu. Herufi inayotofautiana ikae katikati. Ikiwa pembeni, uzi huvumilia kosa kimyakimya. Ncha moja iwe na thayoli ya kushika dhahabu, nyingine iwe na rangi ya methileni buluu. Ukinunua uzi mmoja tu ili kubana matumizi, hutamtofautisha mbebaji na mtu mwenye jeni mbili zinazolingana na uzi huo.

Hatua ya 2: Safisha dhahabu, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Elektrodi husafishwa kwa kupitishiwa umeme kwenye asidi ya salfuriki. Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi, na kloridi kidogo tu ndani ya asidi hiyo huila dhahabu volti inapopanda. Kuyachemsha hakusaidii, chumvi hubaki palepale. Tumia maji yaliyoondolewa ioni kwa kila kitu, hata kusuuzia chupa, na funika elektrodi vumbi lisiingie.

Hatua ya 3: Panda nyuzi. Loweka elektrodi mbili, kila moja kwenye myeyusho wa uzi wake, kisha saa moja kwenye merkaptoheksanoli ya milimola 1 kwa lita, ijaze mapengo na kuinua nyuzi zilizolala. Zisisongamane.

Hatua ya 4: Andaa sampuli. Pamba ya shavuni inatosha. Zidisha kipande cha jeni kwa PCR, kipashe joto la nyuzi 95 kwa dakika 5, kisha kitie kwenye barafu papo hapo ili nyuzi mbili zisirudiane.

Hatua ya 5: Pima kabla na baada ya kutia sampuli. Kilele cha methileni buluu hutokea karibu na −0.25 volti dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Uzi ukipata mwenzake hukakamaa, rangi husogea mbali na dhahabu, na kilele hushuka. Uzi usiolingana nao unaweza kukishusha pia, ila kwa kiasi kidogo, hasa kukiwa na baridi au chumvi nyingi kwenye myeyusho. Kwa hiyo tafuta kwanza, kwa DNA ya kutengenezwa, halijoto ambayo uzi sahihi hushika na wenye kosa huachia, kisha ishikilie kwa bafu la maji. Chini ya paa la mabati, saa nne asubuhi na saa nane mchana ni maabara mbili tofauti.

Hatua ya 6: Soma elektrodi zote mbili pamoja. A ni jeni ya kawaida, S ni ya selimundu. Kilele kikishuka kwenye elektrodi ya kawaida peke yake, jeni ni AA. Ya selimundu peke yake, SS. Zote mbili, AS. Kila siku pima pia mchanganyiko nusu kwa nusu wa DNA ya kutengenezwa, ya kawaida na ya selimundu, na PCR iliyotiwa maji tu bila sampuli. Ikiwa maji nayo yanashusha kilele, tupa matokeo yote ya siku hiyo.

Usimpe mzazi jibu la kihisi hiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti, na jibu la ugonjwa hutoka maabara ya hospitali, kwa kutenganisha himoglobini kwa umeme. Kihisi chenu kina manufaa pale kipimo hicho kinapopata taabu: mtoto mchanga ambaye damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni, au mgonjwa aliyeongezewa damu majuzi, ambaye himoglobini inayopimwa si yake yote. Kwa huyo wa pili, chukua pamba ya shavuni, usichukue damu.