Kugundua au Kutambua? Istilahi Moja ya Ritaima
Mwanafunzi asomapo kwamba ritaima "imetambua ishara" hudhani kuwa data imekwisha kusomwa. Sivyo. Kigunduzi hupima ukubwa wa mawimbi yaingiayo tu. Biti husomeka baada ya saa ya ndani kufungamana na mwendo wa data. Utata huzidi penye swichi ya makutano. Njia A na B zikipishanishwa, na kigunduzi kikiwa kabla ya swichi, towe la A hulishwa na ingizo la B. Towe hilo lisipofungamana, fundi huona ishara kwenye ingizo la A, akailaumu saa, kumbe waya wa B ndio uliokatika. Twapendekeza "kugundua" kwa hatua ya kwanza. "Kutambua", neno zuri lakini hapa lapotosha, libakie kwa ufungamano.